Upande wa Mvua

Mgeni anayetaka kula vizuri Mkuyuni, Morogoro, kwanza atazame fuso limeegeshwa wapi. Kibao cha hoteli akikikuta, huenda jina la kampuni ya soda likawa kubwa kuliko jina la hoteli yenyewe, na si ajabu mwenye hoteli alishahamia ng'ambo ya barabara akakiacha kibao pale pale. Fuso halina mchezo huo. Likisimama kupakia ndizi, wapakiaji watakula, na palipo na wapakiaji pana mama lishe aliyewasha jiko kabla hawajafika. Mzigo ukihama, jiko nalo linahama. Upande huu wa milima ya Uluguru chakula, duka na hata mahali pa kupumzika havikuwekwa kwa ajili ya mtalii. Viliwekwa kwa ajili ya mazao na wanaoyahangaikia. Mgeni anasogezewa benchi tu, na anakaribishwa kwa moyo mmoja.

Wengi wanaosema wanaijua Morogoro wanaijua kwa upande mmoja. Ukishuka stendi ya Msamvu, au siku hizi kwenye stesheni ya SGR ambayo treni zake za abiria kutoka Dar es Salaam zilianza Juni 2024, mlima unauona mbele yako: Lupanga, kisha Bondwa na minara yake ya mawasiliano. Mkuyuni haionekani kutoka hapo. Unatoka mjini kwa njia ya Bigwa, unapita Kiroka, unaizunguka milima kwa mashariki. Barabara ikiipita Mkuyuni inakwenda Matombo na Mvuha hadi Kisaki, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, eneo ambalo kwa miaka mingi tuliliita Selous. Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika kwenye ukuta huu hauna pa kupita ila kupanda. Ukipanda unapoa, na ukipoa unamwaga maji. Ndiyo maana miteremko ya juu ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, wakati Dodoma, saa chache tu kwa gari, hupata chini ya milimita 600. Mito inayoteremka huku huungana kuwa Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam.

Nimeitaja Dodoma kwa sababu kwenye nchi kavu ni rahisi kukisia hoteli iko wapi: iko penye maji na penye basi. Nenda Dumila, nenda Gairo, kwenye njia ya Dodoma, utaona jinsi vibanda vilivyojipanga kuelekea milango ya mabasi. Mvua inavuruga hesabu hiyo. Huku maji yako kila korongo, kila nyumba ina migomba nyuma yake, na mtu aliye kwake hana haja ya kununua sahani ya wali. Anayekula hotelini ni aliye mbali na jiko lake: dereva, utingo, mchuuzi wa kutoka mjini, mwalimu aliyehamishiwa juzi, mkulima aliyeteremka na mzigo kichwani tangu giza. Vyungu vinaivishwa kwa saa za watu hao. Saa moja asubuhi chai, maandazi na vitumbua viko tele. Saa nne supu imebaki mchuzi. Saa saba mchana wali unapakuliwa, na atakayefika saa tisa akidhani bado ni muda wa chakula ataambiwa kwa upole kwamba kuna chai ya rangi na chapati moja.

Jambo moja tuliweke sawa. Mtu akisikia Uluguru anafunga sweta. Mkuyuni iko chini, kwenye nyayo za milima, na joto lake ni la kukufanya utafute kivuli. Baridi, stroberi, karoti na kabichi ni za Mgeta na Nyandira, upande wa pili, juu. Hapa ni nchi ya minazi, mihogo, michungwa, mifenesi, na mpunga unaolimwa bondeni na hata miteremkoni.

Tuingie jikoni. Mara nyingi ni paa la bati juu ya nguzo, meza mbili zenye kitambaa cha plastiki, ndoo ya maji yenye koki na sabuni ya unga kwenye kikopo. Anayeingia na kuuliza menyu anampa mama kazi ya kutafsiri. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu. Kaa hapa, hapo juani utaungua."

"Leo kuna nini?"

"Wali maharage, ugali kambale. Ndizi bado ziko jikoni."

"Ndizi nyama?"

"Nyama ikifika. Isipofika, ndizi nazi."

Mimi humwombea mwenye nyama achelewe. Ndizi za nazi ndicho chakula ambacho mtu angepanda gari kutoka mjini kukifuata, na hakuna anayekitangaza. Uliza ni ndizi gani, maana kusema ndizi tu huku hujasema kitu: kuna bukoba ya kupika, mzuzu ya kukaanga au kuchoma, mkono wa tembo ambayo moja inamtosha mtu, kisukari na mtwike za kula mbivu. Mpishi hodari hamenyi ndizi mapema zikakaa juani. Anazimenya ndani ya beseni la maji yenye chumvi kidogo ili zisiwe nyeusi, na tui zito analitia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, lisije likakatika. Pembeni utawekewa kisamvu kilichotwangwa, si cha kusagwa kwa mashine, na tofauti unaipata kwenye meno. Wali nao usiudharau. Kiroka kuna skimu ya umwagiliaji, na mchele wa jirani uliokobolewa hivi karibuni unanukia kabla sahani haijatua mezani. Samaki muulizie alipotoka. Kambale wa mtoni akiwa ndiye wa leo, mama atakuonyesha kichwa bila kuombwa.

Vyakula vingine havipo hotelini kabisa, vipo njiani. Msimu wa mafenesi ukifika, muuzaji anakaa na kisu kilichopakwa mafuta ya kula, kwa sababu utomvu wa fenesi ukishika mkono mkavu utashinda nao hadi jioni. Anagonga tunda kwa kiungo cha kidole. Likiitika kwa sauti nzito, na vichunusi vya ganda vikiwa vimeachana, limeiva. Likilia kavu analirudisha kwenye rundo. Anapasua, anaondoa kitovu chenye ulimbo, anabandua vipande vya njano kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kifuko. Kokwa usizitupe. Omba uwekewe pembeni, zikachemshwe na chumvi. Wenyeji wanazijua, wageni wanaziacha mezani na wenyeji wanazichukua. Mananasi, machungwa na maembe yana zamu zake, na anayefika nje ya zamu asilalamike kwamba ameambiwa uongo. Nimewasikia watu wa mjini wakitoka huku wamenuna kwamba matunda ya Mkuyuni ni hadithi, kumbe walikuja wakati miti inapumzika.

Sasa maduka. Duka la Mangi lipo, kama lilivyo kila mahali Tanzania, na ndani yake utapata sukari, betri, vocha na biskuti zile zile ulizoziacha nyumbani. Kando yake kuna kibanda cha wakala wa pesa za simu, nacho ni benki ya hapa, ila salio la wakala huisha siku ya soko mchana, kwa hiyo toa fedha asubuhi au njoo nazo. Basi. Duka linalostahili kutafutwa halifanani na duka. Ni baraza la nyumba lenye mizani ya kuning'iniza, magunia yaliyokunjwa na turubai jeusi limetandazwa uani. Hapo mwenye nyumba ananunua viungo kutoka kwa wanaoteremka milimani: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga. Kazi yake ni kununua, lakini ukimwamkia vizuri atakuuzia kwa kikombe au kwa kopo, na bei yake hailingani hata kidogo na ile ya pakiti za Kariakoo.

Fahamu kwamba mwenyeji wako anakupima wakati unapima mzigo wake. Karafuu ibonyeze kwa ukucha kwenye shina: nzuri inaacha mafuta, kavu iliyokamuliwa inavunjika tu kama njiti. Itupe kwenye glasi ya maji. Njema huzama au husimama wima, mbovu hulala juu. Pilipili manga nayo itie majini, kwa sababu wajanja huichanganya na mbegu za papai zilizokaushwa, ambazo zikiwa mkononi huoni tofauti lakini majini huelea. Mdalasini una somo refu zaidi. Gamba huvuliwa wakati wa mvua, utomvu ukiwa unatembea na ganda linaachia mti bila kuraruka. Kiangazi utalibandua kwa vipande. Gamba la tawi changa, lililokwanguliwa nje likabaki jembamba na kujikunja lenyewe likikauka, ndilo tamu. Gamba nene la shina, gumu, lenye rangi ya kijivu nje, linafaa kwenye chai ya watu wengi lakini lisiuzwe kwa bei ya lile la kwanza. Ukimwonyesha muuzaji kwamba unajua, ataingia ndani alete mfuko mwingine.

Kwa nini mtu auze kwa bei hiyo? Kwa sababu msimu una njaa yake. Wako wakulima wanaochukua fedha za mchuuzi wakati mazao bado yapo mtini, ada ya shule inapobisha hodi, na siku ya kuvuna bei ilishapangwa zamani. Gunia la lumbesa nalo lipo, lile lililojazwa mpaka likavaa kofia, na ndizi zinanunuliwa kwa mkungu bila mizani. Mgeni mwenye kikombe chake cha iliki hawezi kuubadili mfumo huo, ila anaweza kuacha kuomba apunguziwe. Njia nyingine ni kununua mjini kwa wanaofanya kazi na wakulima hawa. Sustainable Agriculture Tanzania, ambayo Morogoro inajulikana zaidi kama SAT, ilianzishwa mwaka 2011 na inafundisha kilimo hai, na bidhaa za wakulima wake zimekuwa zikiuzwa Morogoro mjini. Soko kuu la mji, lililozinduliwa mwaka 2021, linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la machifu wa Waluguru ambao makao yao yako Kinole, juu huko kwenye mananasi na ndizi. Kwa hiyo ukinunua chane ya ndizi chini ya jina hilo mjini, huenda ilishalala kwenye fuso usiku kucha kutoka jirani na nyumba ya chifu mwenyewe.

Swali la kulala ndilo linalowasumbua wageni. Wanatarajia kuwa mlima mzuri namna hii, umbali wa saa moja na ushei kutoka mjini mvua ikiwa haijaharibu njia, ungekuwa na kambi za kifahari kila kilima. Hazipo kwa wingi huo, na kwa maoni yangu sababu haiko kwenye barabara peke yake. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya milimani kwa desturi ni ya ukoo. Anayelima kipande anakilima kwa sababu yeye ni wa akina fulani, na mjomba na mabibi wana la kusema. Mwekezaji mwenye mfuko hamkuti mtu mmoja wa kumwekea saini, anakuta kikao. Serikali ya kikoloni ilikutana na kikao hicho miaka ya 1950, ilipoleta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Mwaka 1955 hasira zililipuka Matombo, njia hii hii, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukafa. Anayepita leo akaona miteremko bila uzio wa hoteli na bila bango la eneo la mtu binafsi, ajue kuna watu walioikatalia nchi yao isipangwe na wengine.

Mapumziko yaliyopo basi ni ya aina nyingine. Ya kwanza ni gesti. Ni vyumba vinne au vitano, chandarua, ndoo ya maji, na redio ya jirani. Inamfaa dereva na inakufaa wewe usiku mmoja. Chagua chumba cha nyuma kama unataka usingizi, cha mbele kama unataka kuwahi gari.

Ya pili ni misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Matombo mwaka 1897, na mahali walipochagua wamisionari wa zama zile, popote Afrika Mashariki, pana maji yanayotiririka, upepo wa jioni na miembe ya kivuli. Hawakukosea jambo hilo mara nyingi. Wakatoliki wana desturi ya mafungo, siku za kunyamaza na kusali mbali na shughuli, na nyumba za kitawa kuanzia Matombo hadi Mgolole nje kidogo ya mji, kwenye makao ya Masista wa Moyo Safi wa Maria, zimeishi na desturi hiyo kwa vizazi. Asiye Mkatoliki hafukuzwi. Anachotakiwa ni kuomba mapema kupitia ofisi ya parokia, kufika kabla ya giza, kula kinacholiwa na wote, na kuelewa kwamba kengele ya alfajiri italia iwe amekuja kusali au amekuja kulala. Kwangu mimi hakuna mahali pa kupumzika panapoishinda nyumba ambayo mtu mwingine ameshaamua saa za kula na saa za kunyamaza.

Ya tatu ni msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya akiba iliyokuwepo tangu zamani, nayo ina eneo la hekta zipatazo 24,000 na inapanda hadi Kimhandu, zaidi ya mita 2,600. Kibali kinatolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwenye ofisi zao mjini, na mwongozaji ni lazima umpate huko huko. Usianze kupanda ukitegemea kwamba utaelewana na mtu njiani, maana unayemweka pabaya ni huyo mtu. Ndani kuna ndege mmoja, mgongo wa kijani, kifua cha njano na kofia nyeusi, ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius, na duniani kote hajaonekana popote nje ya milima hii. Watu wanavuka bahari kumtafuta. Anakaa juu sana kwenye vilele vya miti, hivyo wengi wanarudi na shingo inayouma na kumbukumbu ya sauti yake.

Wanaoogopa yote hayo wana Morningside, ile nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1911 juu ya mji, kwenye mita kama 1,300. Unapanda kwa miguu asubuhi na kurudi mchana. Ni matembezi mazuri, na mji wote unauona chini yako, lakini ni upande wa jua. Hautakufundisha chochote kuhusu Mkuyuni.

Kuhusu wakati wa kwenda, wasafiri huambiwa waepuke masika, Machi hadi Mei, na kwa mwenye gari dogo ushauri huo ni sahihi: utelezi wa udongo mwekundu hauna mjuzi, na madaraja madogo yana siku zake za kukataa. Ila asiye na gari na asiye na haraka nitamshauri kinyume. Mwisho wa masika mdalasini unavuliwa, mitaro inaimba, machungwa yanaanza kubadilika rangi, na bodaboda wote wamefunga minyororo au kamba kwenye tairi la nyuma. Ulizia pia siku ya gulio kabla hujapanga safari, kwa sababu kijiji cha siku ya gulio na kijiji cha kesho yake ni vijiji viwili. Siku ya gulio kuna mitumba, vyungu, dawa za mizizi, samaki wakavu, kuku waliofungwa miguu, na majiko yanaongezeka mpaka unashindwa kuchagua. Kesho yake yapo majiko yale ya kudumu tu, na mama ana nafasi ya kukueleza ndizi zinavyopikwa.

Wakati wa kurudi usikubali kuwekwa kwenye gari la mwisho. Gari la mwisho ndilo linalosubiri kila mzigo, na utasimama Kiroka huku matenga yakipangwa juu ya paa kwa taa za simu. Panda la saa nane. Likisimama Kiroka shuka ununue mchele, kwa kisado, uombe uonje punje mbili kavu: mpya bado una harufu. Kondakta atalalamika kwamba unachelewesha abiria. Naye akishamaliza kulalamika atamwita muuzaji yule yule dirishani, anunue wa kwake.